Imesikika Muscat, Tanga Haisikiki: Namna ya Kukagua Fezi Kati ya Kushoto na Kulia

Shangazi wa bwana harusi alinipigia Jumatatu asubuhi, chai bado iko mezani. "Mwanangu, video nimeiona. Watu wanafungua midomo tu. Mmetupa harusi ya mabubu?"

Nikamwamkia, nikamwomba anipe dakika chache. Nikafungua faili ileile kwenye kompyuta yangu yenye spika mbili. Sauti ipo. MC anasikika, kaswida inasikika, vigelegele ndiyo usiseme. Nikamtafuta binamu wa bibi harusi aliyeko Muscat, ambaye alishaitazama kwenye televisheni ya sebuleni. "Iko safi kabisa, dada." Basi Muscat wanasikia, Tanga hawasikii, na faili ni moja.

Nilikaa nusu saa najilaumu kabla sijakumbuka waya. Ukumbini nilikuwa nimechukua sauti ya miksa kwa waya mmoja tu: upande wa miksa jeki kubwa, upande wa kamera jeki ndogo ya stirio, yaani ya njia mbili, kushoto na kulia, kama ya hedifoni. Tundu nililochomeka kwenye miksa lilikuwa la mono, yaani la sauti moja isiyo na kushoto wala kulia, ila lile la mono linalotumia nyaya mbili za sauti. Waya wa kwanza hubeba wimbi kama lilivyo, wa pili hubeba wimbi hilohilo likiwa limepinduliwa juu chini. Mpango huo upo ili makelele yanayodakwa njiani yafutwe mwisho wa safari, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani. Lakini kamera haikuwa na habari. Iliona jeki ya stirio, ikauita waya wa kwanza kushoto na wa pili kulia. Usiku kucha nimerekodi kushoto MC, kulia MC aliyepinduliwa.

Spika mbili zilizoachana mezani hulificha jambo hilo. Simu ya shangazi ina spika moja, kwa hiyo hujumlisha kushoto na kulia kwanza, ndipo itoe sauti. Tano ukijumlisha na hasi tano unapata sifuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimevaa hedifoni. Nilisikia kabisa kwamba kuna kitu hakikai sawa: sauti ya MC haikuwa katikati ya kichwa, ilikuwa kama inatokea nyuma ya kisogo, halafu haina kifua. Nikasema labda ni uchovu. Siku hizi hisia hiyo ya kisogoni ikinijia, nasimamisha kila kitu na kukagua nyaya.

Dawa yenyewe ilichukua sekunde kumi. Nilifuta chaneli ya kulia, nikaitandaza ya kushoto pande zote mbili. Ningeweza pia kuipindua ya kulia irudi sawa. Nikamtumia shangazi faili upya, na jioni akanipigia tena kulalamika kwamba MC hakumtaja jina. Hapo nikajua kazi imekwisha.

Kupindua ni jambo moja, kuchelewa ni jingine

Neno fezi halikuanza na sisi wa studio. Mwenye mashine ya kusaga analijua kwa sababu ya umeme wa fezi tatu: mawimbi matatu yanayofanana, ila kila moja limechelewa kwa theluthi ya mzunguko nyuma ya mwenzake. Ukishika hapo umeshika kiini chote. Fezi ni habari ya mawimbi mawili yanayofanana kupishana kwa muda.

Tatizo ni kile kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari, Ø, ambacho kila mtu hukiita kitufe cha fezi. Hakichelewishi chochote. Kazi yake ni kupindua wimbi, kilele kiwe bonde na bonde liwe kilele, kwa sauti nene na nyembamba kwa pamoja. Hiyo ni poleriti. Mkasa wa harusi ulikuwa wa poleriti, ndiyo maana tiba yake ilikuwa nyepesi na kamili. Mikasa ya fezi haiponi hivyo, na ndiyo mingi.

Chukua rula, pima shibiri yako. Yangu ni sentimita 20. Katika joto letu la pwani la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, yaani sentimita 35 kwa milisekunde moja. Kwangu mimi, basi, milisekunde moja ni shibiri mbili kasorobo. Nikiingia chumba cha kurekodi napima nafasi za maiki kwa mkono, na nikirudi kwenye kompyuta tayari najua ucheleweshaji ni kiasi gani.

Sasa weka maiki mbili mbele ya mwimbaji mmoja, ya pili ikiwa nyuma ya ya kwanza kwa shibiri mbili kasorobo. Sauti ya hezi 500, yaani mizunguko 500 kwa sekunde, humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 2. Ikichelewa milisekunde 1 imechelewa nusu mzunguko, kilele kinakutana na bonde, inafutika. Sauti ya hezi 1,000 imechelewa mzunguko mzima, kilele kinakutana na kilele, inaongezeka. Hezi 1,500 inafutika, hezi 2,000 inaongezeka, na hivyo hivyo kupanda juu. Ukichora grafu yake unapata meno ya chanuo, na mashimo kati ya jino na jino.

Hesabu ya kichwani ni rahisi: gawa 500 kwa idadi ya milisekunde, hapo ndipo shimo la kwanza. Mengine yako kwenye mara 3, mara 5, mara 7 ya namba hiyo. Milisekunde 2 zinakupa shimo hezi 250, kisha 750, kisha 1,250. Hezi 250 ndipo mwili wa sauti ya mwanamume ulipo, kwa hiyo usishangae mwimbaji mnene anatoka mwembamba kama aliyekula ndimu.

Na ukibonyeza Ø kwenye hali hiyo? Hezi 500 zitarudi, hezi 1,000 zitafutika. Umeyahamisha mashimo, hukuyaziba. Wengi husikia sauti imebadilika, wakadhani imepona.

Jaribu kwa mkono wako kabla hujaniamini

Fungua programu yoyote uliyonayo, Reaper, FL Studio, Cubase, hata Audacity ya bure. Chukua sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa kwa maiki moja. Inakili mara ya pili. Peleka moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Vaa hedifoni: mtu yuko katikati ya kipaji. Sasa pindua poleriti ya kulia. Sikia anavyotoka katikati na kupotea pembeni na kisogoni. Halafu bonyeza kitufe cha mono kwenye chaneli kuu, kama hakipo rudisha nakala zote mbili katikati. Kimya. Kaa na kimya hicho kidogo, maana ndicho alichosikia shangazi.

Rudisha poleriti. Chelewesha ya kulia kwa milisekunde 1, ambayo ni sampuli 48 (vipande vidogo ambavyo kompyuta huikatia sauti) kama mradi wako una sampuli 48,000 kwa sekunde, au 44 kama una 44,100. Kwenye hedifoni utaona mtu amevutwa upande wa kushoto, ingawa nguvu ya pande zote mbili ni sawa; sikio humwamini aliyefika kwanza. Bonyeza mono. Mtu ameingia ndani ya ndoo. Ndilo chanuo hilo, na ukishalisikia mara moja hutalisahau, utalikuta kwenye nusu ya nyimbo unazoletewa.

Sasa peleka ucheleweshaji mpaka milisekunde 15. Kwenye hedifoni, loo, upana wa ajabu. Hii ndiyo mbinu inayofundishwa kila mahali kama siri ya kupanua sauti, na jina lake limetoka kwa Helmut Haas, aliyechunguza jambo hili kwa tasnifu yake ya mwaka 1949 kule Göttingen, Ujerumani. Yeye alikuwa anapima namna mwangwi wa mara moja unavyoathiri usikivu wa maneno. Bonyeza mono usikie. Mashimo yapo hezi 33, 100, 167 na kuendelea kila baada ya hezi 67 hivi, yamebanana mpaka sauti nzima ina mlio wa bati. Mimi siitumii mbinu hii kwa sauti ya mwimbaji mkuu, hata anilipe mara mbili. Kwa kengele ndogo au shekere ya pembeni, sawa.

Kijana mmoja anayejifunza kwangu aliwahi kuniuliza, nani siku hizi anasikiliza mono. Nikamwambia atoke nje. Bodaboda wa pale kona ana kispika kimoja kwenye usukani. Muuza chipsi ana kingine. Ukumbini fundi hufunga mono makusudi ili aliyekaa kona ya kulia asikose gitaa. Na ile sabufa ya nyumbani yenye vispika viwili: vispika ni stirio, lakini boksi kubwa la chini hukusanya besi ya kushoto na kulia likaicheza kwa spika moja. Besi yako ikiwa imepishana fezi, sabufa itanyamaza, halafu mteja atasema wimbo hauna ngoma.

Redio ya FM nayo imejengwa juu ya hesabu hii. Katika mpango wa FM ya stirio uliopitishwa Marekani mwaka 1961, mtambo hautumi kushoto na kulia kama vitu viwili. Hutuma jumla, kushoto kujumlisha kulia, kisha tofauti, kushoto kutoa kulia, ambayo hubebwa juu zaidi kwenye kilohezi 38, na mlio wa kilohezi 19 huijulisha redio kwamba stirio ipo. Mawimbi yakififia, tofauti ndiyo huchafuka kwanza, na redio nyingi za gari huitupa zikabaki na jumla. Chochote kilichokuwa kwenye tofauti peke yake kimekwenda nayo. Wala jumla na tofauti si ugunduzi wa juzi: Alan Blumlein wa kampuni ya EMI, Uingereza, aliziweka kwenye hataza ya stirio aliyoiomba Desemba 1931.

Kwenye kurekodi ndiko kwenye kazi

Ngoma ya msondo imenifundisha zaidi kuliko video yoyote. Ni ndefu, imewambwa ngozi juu na chini iko wazi. Nilipoirekodi mara ya kwanza niliweka maiki moja juu ya ngozi na nyingine chini penye mdomo, niupate mlio wa kiganja na lile guno la tumboni. Kila moja peke yake ilikuwa tamu. Pamoja zikawa kama mtu anapiga katoni.

Fikiria ngozi ilivyo. Kiganja kikishuka, ngozi inakimbia kutoka kwa maiki ya juu na kuifuata maiki ya chini. Moja inaanza kwa kuvutwa, nyingine inaanza kwa kusukumwa. Ni kupindua kwa maumbile yenyewe, kwa hiyo Ø kwenye maiki ya chini ndiyo hatua ya kwanza. Guno lilirudi. Lakini bado kuna kuchelewa, maana sauti imesafiri urefu wa ngoma kabla ya kufika chini, na hapo niliivuta rekodi ya chini ianze mapema, kidogo kidogo, kwenye kompyuta mpaka mwanzo wa pigo ukalingana na wa juu. Zoea kufuata mpangilio huo, poleriti kwanza, muda baadaye. Ukianza na muda utazunguka mchana kutwa.

Kwa chombo chochote chenye maiki mbili nina njia moja ninayoipenda, na inafanywa kabla hujarekodi. Weka chaneli zote mbili katikati, nguvu sawa. Bonyeza Ø kwenye moja. Sasa mwambie mpigaji aendelee kupiga, wewe uvae hedifoni, usogeze maiki moja polepole ukitafuta mahali ambapo sauti inakuwa *mbaya kuliko zote*, nyembamba, imekondeana, kama inakufa. Ukipapata, acha maiki hapo, ondoa Ø. Sauti itajaa chumba. Sikio hutambua upungufu kwa urahisi kuliko ukamilifu, ndiyo maana tunatafuta ubaya kwanza.

Nilifanya hivyo kwa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwenye chumba chenye zulia na mapazia mazito, mzee amekalia kiti na kanuni mapajani. Maiki ya kwanza niliielekeza penye nyuzi nyembamba, ya pili penye nyuzi nene. Mzee alinivumilia nikisogeza kidogo, kidogo tena. Mwishowe akauliza, "Binti, unarekodi au unapima kiwanja?" Nikamwambia, shikamoo babu, tumekaribia. Nilipoondoa Ø nikampa hedifoni asikie. Hakusema kitu, akaanza kupiga taksimu, ule muziki wa kubuni papo hapo, bila kuambiwa.

Kama hutaki kupima kiwanja, weka maiki mbili zinazosikia zaidi kwa mbele, vichwa vyake karibu vigusane, moja juu ya nyingine, zimepanuliwa pembe ya nyuzi 90. Sauti inafika kwa zote wakati uleule, tofauti inabaki kwenye nguvu tu, na mono haina cha kufuta. Upana wake ni wa heshima, si wa kutisha. Redio ya taifa ya Ufaransa ya enzi hizo, ORTF, ilituachia mpangilio wa sentimita 17 na pembe ya nyuzi 110. Ucheleweshaji mkubwa kabisa unaoweza kupata hapo ni kama nusu milisekunde, na kwa kuwa maiki zimegeuziana migongo kiasi, nguvu nazo hazilingani, hivyo mashimo hayafiki chini. Kwaya ya watu 20 napenda hivyo, maiki zikiwa mbele ya mwalimu wa kwaya, juu kidogo ya kichwa chake.

Waimbaji wengi wenye maiki moja moja? Kanuni ya mara tatu: mwimbaji akiwa sentimita 20 kutoka maiki yake, maiki ya jirani iwe sentimita 60 kutoka hiyo. Sauti inayovuja inafika jirani ikiwa imepungua kwa karibu desibeli 9.5, na chanuo linabaki kuwa na meno mafupi. Wakilazimika kubanana, afadhali washiriki maiki moja.

Vinavyoharibikia kwenye kompyuta

Kinanda ni mshitakiwa namba moja. Zile sauti za pedi, kwaya ya kinanda na piano pana zinazovutia dukani mara nyingi zimepanuliwa kwa kupishanisha fezi ndani ya mashine. Rekodi nyuzi za kinanda, bonyeza mono, utaona nusu yake imekwenda. Hapo mimi huchukua chaneli moja tu na kuitupa ya pili, kisha nikaiweka kushoto kidogo au kulia kidogo. Ukiona uchungu kuitupa, punguza upana: FL Studio ina nobu ya kutenganisha stirio kwenye kila chaneli ya miksa, irudishe kuelekea mono mpaka kinanda kirudi na mwili.

Halafu kunakili na kubandika. Mwimbaji ameimba kiitikio mara moja, saa imekwenda, anakwambia, "Dada, si ukopi tu ubandike upande wa pili?" Hapana. Nakala mbili zilezile kushoto na kulia ni mono yenye desibeli za ziada. Nakala iliyocheleweshwa ni chanuo. Mwambie aimbe tena. Koo la binadamu haliwezi kurudia wimbi lilelile mara mbili, kwa hiyo rekodi mbili tofauti hupishana ovyo ovyo, sehemu zinaongezeka, sehemu zinapungua, na kwa wastani jumla yake hupanda kama desibeli 3 bila shimo la kudumu popote. Upana unaupata, na mono unabaki nao. Kuimba tena kunakula dakika nne. Kurekebisha nakala kutakula jioni yako.

Besi iache katikati. Mimi chini ya hezi 120 sipanui kitu. Wimbi la hezi 60 lina urefu wa karibu mita 6, sikio halitambui vizuri linatoka upande gani, kwa hiyo upana wa huko chini haukununulii chochote. Watu wa sahani za santuri walilijua hili kwa lazima, maana tofauti ya kushoto na kulia huchongwa kwenda juu na chini kwenye mfereji, na besi iliyopinduliwa upande mmoja ilikuwa inairusha sindano.

Kabla hujaishuku kazi yako, shuku pia spika zako. Nyaya nyekundu na nyeusi zikibadilishana kwenye spika moja, kila wimbo duniani utasikika kama mkasa wa harusi. Cheza kitu cha mono, geuza nyaya za spika moja, sikiliza. Mpangilio wenye besi nyingi na mtu aliyesimama katikati ndio sahihi. Spika isiyo na amplifaya ndani unaweza kuigusa kwa betri ya tochi ya volti 1.5, chanya kwa chanya, mara moja tu na haraka: koni ya spika ikisukumwa nje, nyaya ziko sawa.

Mita inasema nini, na inanyamazia nini

Mita ya uwiano ni mshale unaotembea kati ya +1 na −1. Programu ya SPAN ya Voxengo inayo, na ni ya bure. Kwenye +1 kushoto na kulia ni kitu kimoja. Kwenye −1 ni kitu kimoja kilichopinduliwa, yaani harusi. Sifuri ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu ina maana zaidi ya moja. Gitaa mbili tofauti, moja kila upande, zinasoma karibu na sifuri na hazina kosa lolote. Sauti moja iliyocheleweshwa inaweza nayo kusoma karibu na sifuri, na hiyo ina matatizo. Mshale hautakwambia ipi ni ipi.

Wimbo mzima napenda ucheze kati ya +0.3 na +0.9. Ukidondoka kwenye sifuri kwa sekunde moja wakati wa mwangwi mkubwa, wala sigeuki. Ukikaa chini ya sifuri kwa mistari miwili, nasimama. Lakini jihadhari: besi na ngoma za katikati zina nguvu nyingi, zinaubeba mshale juu, na waitikiaji waliopinduliwa kabisa wanaweza kupita chini yake bila mshale kutikisika. Kwa hiyo usiangalie wimbo mzima tu. Sikiliza kila kundi peke yake, waitikiaji, kinanda, gitaa, kila moja kwa stirio kisha kwa mono.

Ile mita nyingine ya nukta zinazorukaruka ni ya kuonea raha, ila inasomeka: mstari wima ni mono, mstari wa mlalo ni kupinduliwa, na tikiti maji lililosimama ni wimbo wenye afya.

Mimi bado naanzia kwenye redio ndogo ya spika moja iliyo kwenye dirisha la studio, nimeiunga na kompyuta. Naweka sauti ya chini, nafungua mlango, naenda kuosha kikombe. Nikiwa kwenye sinki nasikiliza mambo matatu: mwimbaji amerudi nyuma? Kuna chombo kimetoweka? Kuna kitu kimepata mlio wa ndoo? Kikombe kikiisha kabla ya wimbo, naosha na sahani.

Siku hizi naletewa faili za watu wengine zilizokwisha changanywa, chaneli mbili tu, wakitaka niziponye. Kama upande mmoja umepinduliwa wote, ni Ø na chai. Kama upande mmoja umechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo mpaka mwisho, natafuta pigo lililokuwa katikati, nahesabu sampuli kati ya kushoto na kulia, nausogeza ule uliochelewa. Kama ni upana uliopitiliza, naigawa faili kuwa jumla na tofauti, tofauti naipunguza desibeli 3 au 4, narudisha. Lakini kama kuchelewa kulijumlishwa kabla faili haijanifikia, maiki mbili zimekwisha kuwa chaneli moja, siipokei pesa yake. Ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, haiwezi kuongeza kitu mahali palipofutwa. Namwomba mwenyewe arudi studio alikorekodi, aniletee kila maiki kwenye faili yake.